Walichokiona ndani ya ukungu

Picha yenyewe haina uzuri wowote. Sehemu kubwa ya skrini imemezwa na ukungu, na ukiitazama kwa haraka utaona mandhari ya kawaida ya Minecraft ya zamani, gemu la kompyuta la kujenga kwa bloku: nyasi za kijani kikali, miti, ardhi inayopanda na kushuka kwa ngazi za bloku. Lazima utulize jicho. Ndipo utamwona, pale ukungu unapoanza kufuta kila kitu, mtu amesimama peke yake. Ana sura ile ile ya Steve ambayo kila mchezaji alipewa siku zile. Juu ya kichwa chake hakuna jina.

Huyo ndiye Herobrine, na hiyo ndiyo picha iliyomtambulisha. Iliwekwa 4chan, jukwaa la mtandaoni ambako watu huandika bila majina, Agosti 2010 na mtu ambaye hakujitaja, ikiwa na maelezo mafupi. Alisema alikuwa ameanza dunia mpya akicheza peke yake, akakata miti na kutengeneza meza ya ufundi kama kawaida. Kompyuta yake ilikuwa nzito, kwa hiyo alikuwa amepunguza umbali wa kuona hadi wa chini kabisa. Katika ukungu akaona kitu kinajongea. Akadhani ni ng'ombe, akakifuata akitaka ngozi ya kutengenezea deraya. Hakuwa ng'ombe. Alikuwa mtu mwenye sura ya Steve na macho matupu, ambaye alimtazama kidogo kisha akakimbilia ndani ya ukungu.

Baada ya hapo akaanza kukuta vitu ambavyo hakuvijenga: mahandaki marefu ya bloku mbili kwa mbili, piramidi ndogo za mchanga katikati ya bahari, vichaka vya miti iliyonyolewa majani yote. Alipouliza kama kuna mwenzake aliyeona mambo hayo, alipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu aliyejiita Herobrine. Ulikuwa na neno moja: acha. Hadithi inamalizia kwa kudai kwamba jina hilo lilitumiwa na kaka yake Notch, yaani Markus Persson, Mswidi aliyeibuni Minecraft, na kwamba kaka huyo hayupo tena duniani.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi sana, na bado ninasisimka nikifika pale kwenye ng'ombe. Aliyeiandika alijua kazi yake. Hakuanza na kilio wala damu, alianza na mtu aliyekuwa anahangaikia ngozi. Kila aliyecheza Minecraft amewahi kumfuata ng'ombe ndani ya ukungu, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemfuata tena kwa moyo uleule.

Ninayaandika haya kwa sababu wanaozungumza kuhusu Herobrine wamegawanyika pande mbili, na pande zote mbili zinaniuma. Wa kwanza wanaapa kwamba yupo na wana video za kuthibitisha. Wa pili wanasema ni uongo wa watoto, kisha wanaendelea na mambo yao. Msimamo wangu ni huu: Herobrine hayumo ndani ya gemu na hajawahi kuwamo, lakini wengi waliosema wameona kitu walikuwa wanasema kweli. Minecraft ya miaka ile ilikuwa inatengeneza dalili za mtu asiyeonekana, yenyewe, bila kuombwa. Mashahidi waliona moto, mashimo, taa na milango. Tafsiri ndiyo iliyotoka kwenye hadithi.

Tuanze na mwezi wenyewe, maana tarehe ina uzito hapa. Minecraft iliingia kipindi cha Alpha, yaani hatua ya majaribio ya awali, mwishoni mwa Juni 2010. Tarehe 4 Agosti likatoka toleo la Alpha 1.0.15, na hapo ndipo wachezaji walipoweza kwa mara ya kwanza kukutana kwenye seva wakiwa katika ule mchezo wa kujenga mchana na kujificha usiku. Kabla ya hapo, katika mchezo huo ulikuwa peke yako kabisa. Ungeweza kutembea mpaka uchoke, na hakuna ambacho ungekuta kimejengwa na mkono mwingine. Sasa ghafla, mwezi mmoja, watu wanazoea kuona umbo la Steve wa pili akitokea nyuma ya mlima. Wanazima seva, wanarudi kwenye dunia zao za upweke, na jicho limeshajifunza kumtafuta. Hadithi ya Herobrine ilitua hapo hapo. Ndiyo maana msimuliaji anasisitiza kwamba alihakikisha mara mbili hayuko kwenye seva, na kwamba hakuona jina juu ya kichwa. Mwaka mmoja kabla, maelezo hayo yasingekuwa na nguvu hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika matoleo ya mwanzo kabisa ya Mei 2009, Minecraft ilikuwa na watu. Yalikuwa maumbo ya Steve yanayokimbia ovyo yakirusha mikono, hayana akili, hayana kazi, hayamdhuru mtu. Yaliondolewa gemu lilipokua. Kwa hiyo mchezaji wa siku za mwanzo aliyesema kwamba amewahi kumwona Steve asiye na mwenyewe akizurura hakuwa mwongo. Alikuwa anakumbuka.

Mimi nilicheza Alpha kwenye kompyuta iliyokuwa imeshapita mikono kadhaa kabla ya kufika kwangu, kwa hiyo umbali mfupi wa kuona haukuwa uamuzi, ulikuwa sharti. Alpha ilikuwa na daraja nne za umbali, na ile ya mwisho ilikuacha na duara dogo la ardhi, kisha weupe. Unatembea, na dunia inazaliwa mbele ya pua yako kwa vipande vya mraba. Mti hauonekani unakuja. Haupo, halafu upo. Ng'ombe hivyo hivyo. Ukirudi nyuma hatua chache, kitu ulichokuwa unakitazama kinafutika. Katika hali hiyo akili haipumziki, inajaza. Nilikuwa najua kabisa, kwa akili ya mchana, kwamba hakuna mtu. Mkono wangu kwenye kipanya ulikuwa hauamini.

Na masikio nayo yalikuwa na kesi yao. Minecraft ina sauti za mapangoni, zilizotengenezwa na Daniel Rosenfeld, mwanamuziki anayejulikana kama C418. Si muziki. Ni mngurumo, mlio wa chuma kinachokwaruzwa, pumzi ya kitu kikubwa kilicho mbali. Sauti hizi hazitoki kwa kiumbe yeyote. Miaka ile gemu lilikuwa na saa ya ndani iliyosubiri kati ya dakika 5 na 15 hivi, kisha lilitafuta sehemu tupu, yenye giza, isiyoona anga, iliyo karibu na mchezaji lakini si mguuni pake. Ikipatikana, sauti ilitokea pale. Maana yake, sauti ina mahali. Inatoka kushoto, au nyuma ya ukuta uliokuwa unachimba. Unageuka na mwenge wako, unachimba kuelekea huko, na unakuta nini? Pango, kwa sababu lazima kuwe na nafasi ya giza hapo ili sauti itokee. Yaani gemu lilikuwa linakuita, na ukifuata wito unakuta chumba kitupu. Mimi nikiambiwa na mtu kwamba aliongozwa na sauti hadi kwenye pango ambalo hakujua kuwa lipo, simbishii. Ndivyo sauti zilivyoundwa.

Miti isiyo na majani ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu niliiona mwenyewe. Juu ya kilima, ng'ambo ya ziwa dogo la lava, magogo yamesimama uchi, hakuna jani hata moja, na sikuwa nimewahi kufika upande ule. Nilikuwa nimeshaisoma hadithi. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikaona gogo moja la pembeni bado linawaka kwa chini. Lava huchoma vitu vilivyo karibu nayo, na katika Minecraft majani hushika moto na kuteketea upesi kuliko gogo. Moto ukipita, unakomba majani yote kwanza na kuacha mashina. Tena siku zile moto uliweza kusambaa mbali sana. Mchezaji anayefika baada ya moto kuzima anakuta msitu ulionyolewa, kimya, bila majivu, maana Minecraft haina majivu. Hana ushahidi wowote wa moto mbele yake. Ana miti uchi na hadithi aliyoisoma jana yake.

Hapo ndipo ninapogombana na wale wa "uongo wa watoto". Aliyeona miti ile aliiona.

Lakini nitakuwa sijatenda haki nisipowataja waliotengeneza uongo kwa makusudi, kwa sababu wao ndio waliomfanya Herobrine awe maarufu. Picha ya 4chan peke yake ingeweza kusahaulika baada ya wiki chache. Aliyeiwasha upya ni mtangazaji wa matangazo mubashara ya Minecraft aliyejiita Copeland, wa kituo kilichoitwa Brocraft. Siku moja akiwa hewani, akizunguka kwenye dunia yake, aliingia chumbani na kumkuta Herobrine amesimama. Alipiga kelele, akatoka mbio, watazamaji wakapagawa. Baadaye alieleza mwenyewe jinsi alivyofanya: alichukua mchoro wa ukutani, mmoja wa michoro ya kupamba nyumba iliyomo ndani ya gemu, akabadilisha faili la picha yake ili mchoro uwe Steve mwenye macho meupe. Mchoro ni bapa, lakini ukiuona kwa mbele, kwa nusu sekunde, mkono wa mtangazaji ukiwa unatetemeka, unatosha.

Ninaitazama kazi hiyo kwa heshima. Alitumia kitu kilichomo ndani ya gemu, hakuhitaji kuandika msimbo wowote, na alijua kwamba woga wa mtu anayetazama hukamilisha kile ambacho picha haikukamilisha. Tangu hapo video zikafurika. Nyingi zilifuata njia tatu tu: faili za picha zilizobadilishwa, rafiki kwenye seva aliyevaa sura ya Herobrine na kuficha jina lake, au modi, yaani programu ya nyongeza iliyomwingiza Herobrine kwenye gemu kama kiumbe kamili.

Madhabahu yale maarufu ni ya kundi hili la tatu. Bila shaka umeyaona: bloku za dhahabu, jiwe lenye kuvu, jiwe la Nether juu yake, unaliwasha moto na Herobrine anakuja. Watu wamenitumia maelekezo hayo kwa dhati, wakisema ndiyo njia ya asili ya tangu mwanzo. Haiwezi kuwa ya asili. Nether, ile dunia ya moto, iliingia Minecraft katika sasisho la Halloween, Alpha 1.2.0, mwishoni mwa Oktoba 2010. Mtu wa 4chan alipoweka picha yake mwezi Agosti, jiwe la Nether halikuwepo. Hekaya ilizaliwa bila madhabahu. Madhabahu yalijengwa na waliokuja baadaye kwa sababu walitaka kumwita mgeni wasiyeweza kumsubiri.

Kisha ikaja Septemba 2011, na hapa ndipo nataka wanaokusanya ushuhuda wawe makini kuliko mahali pengine popote. Tarehe 14 mwezi huo lilitoka toleo la Beta 1.8 (Beta ni hatua iliyofuata Alpha), na ukilisoma leo kwa jicho la hadithi hii utadhani liliandikwa na mtu anayemwamini Herobrine.

Toleo hilo lilileta migodi iliyotelekezwa: mahandaki marefu yaliyonyooka chini ya ardhi, yenye nguzo za mbao, reli, utando wa buibui, na mienge inayowaka. Mchezaji ambaye kwa mwaka mzima alijua kwamba mwenge ukiwaka chini ya ardhi basi aliuweka yeye, sasa anavunja ukuta na kukuta nuru. Lilileta vijiji, nyumba zenye milango na mashamba yaliyopandwa, na katika toleo hilo la kwanza vijiji havikuwa na mtu hata mmoja. Wanakijiji waliingia baadaye, kuelekea toleo kamili la Novemba. Kwa wiki kadhaa mamilioni ya watu walitembea katika vijiji vilivyojengwa tayari, mazao yamesimama, hakuna wa kumsalimia.

Na lilileta Endermen. Warefu, weusi, wanaohama ghafla kutoka mahali hadi mahali, wasiopenda kutazamwa usoni, na wanaobeba bloku. Leo wanabeba vitu vichache kama udongo na mchanga. Katika Beta 1.8 orodha yao ilikuwa ndefu mno, mpaka mawe na mbao ulizojengea nyumba. Unatoka kwenda kuchimba, unarudi, ukuta wako una tundu la bloku moja, na bloku hiyo imewekwa kistaarabu katikati ya uwanja. Sijui shutuma gani dhidi ya Herobrine ingekuwa nzito kuliko hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vitu vilihama nyumbani kwake mwishoni mwa 2011, ninajua nimtafute nani. Mtu akiniambia vilihama Novemba 2010, ninakaa vizuri kwenye kiti.

Notch alikanusha. Alikanusha mapema, alikanusha tena, akasema hana kaka aliyefariki na kwamba hakuna kitu kama hicho ndani ya gemu. Haikusaidia. Katika hadithi kama hii kukanusha ni mafuta, kwa sababu hadithi yenyewe ilishatangulia kusema kwamba watakuzuia usiulize. Kisha Mojang wenyewe, kampuni inayotengeneza Minecraft, wakaamua kucheza na watu. Toleo la Beta 1.6.6 lilipotoka, mwishoni mwa Mei 2011, orodha ya mabadiliko ilikuwa na mstari mmoja wa ajabu katikati ya marekebisho ya kawaida: Herobrine ameondolewa. Mstari huo ukarudi katika matoleo mengi yaliyofuata, mwaka baada ya mwaka, na kila ulipotokea wachezaji wapya waliuliza swali lile lile la haki: utamwondoaje asiyekuwepo? Na kama mlimwondoa mwaka jana, kwa nini mnamwondoa tena mwaka huu? Ninaamini mstari huo umemweka hai kuliko video zote zikijumlishwa. Ulikuwa unatoka kwa wenye gemu.

Ila jambo lililonifanya nipende hadithi hii upya lilitokea Januari 2021.

Kila dunia ya Minecraft huzaliwa kutoka kwenye namba moja tunayoiita mbegu. Mbegu ileile, katika toleo lilelile, hutoa kilima kilekile na mti uleule mahali palepale. Kikundi cha wapenzi wa gemu hili kinachojiita Minecraft@Home, ambacho Septemba 2020 kilikuwa kimepata mbegu ya ile picha ndogo ya zamani iliyotumika kama nembo ya vifurushi vya sura (faili za kubadilisha mwonekano wa gemu), kiliigeukia picha ya Herobrine. Walikuwa na kile ambacho sote tulikuwa nacho: picha moja yenye ukungu.

Kinachowezesha kazi kama hiyo ni kwamba bahati ndani ya kompyuta si bahati kweli. Minecraft iliandikwa kwa Java, na kizalishaji cha namba za nasibu cha Java kina biti 48 tu za ndani. Hiyo ni zaidi ya hali trilioni 281, namba inayomkatisha mtu tamaa, lakini si kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. Kila mti wa kawaida katika Alpha ulizaliwa kwa kurusha namba hizo: shina liwe la bloku 4, 5 au 6, kila pembe ya majani iwepo au ikosekane. Ukiweza kusoma kwenye picha mti fulani uko wapi, una urefu gani na umekosa pembe zipi, umepata kipande cha namba. Mti mmoja hautoshi. Ukipata kadhaa zilizo karibu, unaanza kuziondoa hali zisizowezekana, trilioni kwa trilioni, mpaka ibaki moja.

Ilibaki moja: 478868574082066804. Toleo ni Alpha 1.0.16_02. Aliyepiga picha alikuwa amesimama karibu na viwianishi vya X 5, Z -298, miguu yake ikiwa kwenye kimo cha Y 71.

Nilikwenda. Si rahisi kama kuandika namba na kubonyeza, kwa sababu Alpha haikuwa na mahali pa kuingiza mbegu. Hilo lilikuja na Beta 1.3, Februari 2011. Na ukiiweka mbegu hiyo kwenye toleo jipya utapata nchi nyingine kabisa, maana utengenezaji wa ardhi umebadilika mara nyingi tangu sasisho la Halloween. Unaanzisha dunia yoyote katika toleo la wakati ule, unafunga gemu, unafungua faili la level.dat kwa programu ya kuhariri, unabadilisha namba iliyo mbele ya RandomSeed, unafuta vipande vya ardhi vilivyokwisha kuzalishwa pamoja na mahali alipokuwa mchezaji, kisha unaingia tena. Halafu unatembea, ukihesabu viwianishi.

Niliweka umbali wa kuona kwenye daraja ya mwisho kabla sijafika, kwa kuwa hivyo ndivyo yeye alivyokuwa. Nilipogeuka na miti ikakaa pale inapokaa kwenye picha, shina kwa shina, nilitoa mikono kwenye kibodi. Kwa miaka kumi na zaidi tulikuwa tunabishana kuhusu mahali hapa bila kujua pako wapi. Sasa nilikuwa nimesimama alipokuwa amesimama mtu yule asiyejulikana, naangalia alichokuwa anaangalia, nukta ile tu ambapo aliamua kuweka mtu. Mbegu haizalishi watu. Umbo lile liliongezwa na mkono wake. Lakini ardhi haikuongezwa, na ukungu haukuongezwa. Nilipopiga hatua mbele, kwenye ukingo wa weupe kitu kilijongea, na kilikuwa ng'ombe.

Baadhi ya wachezaji wenzangu walihuzunika mbegu ilipopatikana. Walisema siri imekwisha. Siwaelewi. Kabla ya hapo Herobrine alikuwa uvumi unaoelea. Sasa ana anwani, na yeyote mwenye subira anaweza kwenda kusimama alipoanzia. Hekaya ngapi za mizimu zinaweza kukupa hivyo?

Mtoto wa kaka yangu yuko kwenye umri ule wa kuamini nusu na kutamani iwe kweli nusu iliyobaki. Anacheza kwenye kishikwambi, toleo la kisasa kabisa. Majuzi alinipigia simu usiku, akinong'ona ili mama yake asisikie kwamba bado hajalala.

"Shangazi, nimemwona. Yuko mtoni. Macho yanawaka."

Sikumwambia hakuna kitu kama hicho. Nilimuuliza: toleo gani, mbegu gani, viwianishi gani, saa ngapi ya ndani ya gemu, na ana modi yoyote? Akanitajia vyote, maana nilishamfundisha. Nikaiweka mbegu yake kwenye kifaa changu, toleo lilelile, nikaenda mpaka kwenye kona ya mto aliyoisema, nikasubiri usiku uingie.

Alikuwa amesema kweli. Ndani ya maji, chini kidogo ya uso wa mto, umbo la mtu lilisimama wima, mikono, miguu, kichwa, na macho mawili yanayong'aa gizani. Ni Drowned, zombi wa majini walioingia Minecraft katika sasisho la bahari la mwaka 2018. Huzaliwa mitoni na baharini, na macho yao yanawaka rangi ya samawati-kijani ambayo, kupitia maji na giza, kwenye skrini ndogo iliyopunguzwa mwanga ili mama asione, inasomeka nyeupe. Nilimpigia, tukakaa kwenye simu huku kila mmoja akimtazama wa kwake.

"Kwa hiyo si yeye, Shangazi?"

"Si yeye. Lakini umeeleza vizuri ulichokiona, na kilikuwepo."

Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama mwaka 2010 kulikuwa na Drowned. Nikamwambia hawakuwepo. "Basi wale wa 2010 waliona nini mtoni?" Tangu siku hiyo tumekuwa tukipekua matoleo ya Alpha pamoja, yeye akiuliza, mimi nikifungua.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaosoma hapa. Kama wewe au mtu wa nyumbani kwenu alicheza Minecraft kabla ya Septemba 2011 na akaona kitu ambacho hakukijenga, niandikieni. Kuanzia Beta 1.8 na kuendelea karibu kila kitu kina mwenyewe, ninaweza kukutajia jina lake. Kipindi ninachokihitaji ni kile cha nyuma yake, cha Alpha na Beta za mwanzo, ambapo hapakuwa na Endermen wala mienge ya migodini. Kama faili la dunia bado lipo kwenye diski ya zamani, usilifungue na toleo jipya, kwa sababu litaligeuza muundo. Nakili folda nzima ilivyo unitumie. Kama liko level.dat peke yake, hilo pia linanitosha, kwa sababu mbegu imo ndani yake. Na kama huna chochote isipokuwa kumbukumbu, niambie ulikuwa unafanya nini dakika ile, umbali wako wa kuona ulikuwa upi, na uliposikia sauti ulikuwa chini ya ardhi au juu.